Pembe Yenye Hakuna Mutu Alikuwa Anasujudu

Tulishuka ku pikipiki, mimi na wifi yangu, na lori ya kubeba udongo ilikuwa inatoka mu kiwanja ya musikiti. Ilikuwa imejaa mpaka juu. Kwa chini udongo mwekundu, kwa juu vipande ya ukuta ya zamani, bado na chokaa yake nyeupe. Wifi yangu alikuwa ameshika mufuko, na mu mufuko kulikuwa sanda mupya mbili zenye tulinunua kule Nizi asubuhi ile. Nilitazama mahali musikiti ilikuwa inasimama. Niliona manyumba ya nyuma, yenye sikuwahi kuona tangu nilifika mu kartie hii, mutaa yetu, kwa sababu ukuta ya musikiti ilikuwa inayafunika.

Nilikimbia ku pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Ilikuwa shimo. Machine ya kuchimba ilikuwa imelaza mukono yake pembeni sawa mutu mwenye amemaliza kula.

Nikarudia lori. Nilikimbia nyuma yake, nikapiga ubavu yake na kiganja mpaka dereva akasimamisha, akatoa kichwa.

"Mama, unataka kufa?"

"Mwaga chini! Mwaga udongo chini!"

"Nimwage wapi? Pa barabara? Kichwa yako iko muzima?"

"Bwana yangu iko ndani!"

Akacheka. Akawaita wale wa machine: "Mukuje musikie! Mama huyu anasema bwana yake amepanda lori yangu." Halafu akanigeukia. "Mama, niko peke yangu humu. Kama bwana amekukimbia, umutafute kwa bibi ya pili. Mimi sibebake mabwana ya watu."

Wakacheka wote. Wifi yangu alifungua mufuko, akatoa sanda moja, akaikunjua pale pa vumbi, mbele ya macho yao. Kicheko ikakatika. Mumoja wa machine akauliza pole pole: "Ni nani alikufa?"

Dereva akatazama ile kitambaa, akatazama nyuma yake, ile udongo. Niliona uso yake ikibadilika. Lakini hakushuka. Alisema: "Mimi natumwa tu, mama. Uliza boss." Akawasha gari, akaenda. Na mimi nilibaki nasimama mu moshi yake.

Sasa nirudie nyuma, juu mutu mwenye hajui musikiti ile hataelewa kwa nini bwana yangu alikuwa amelala ndani yake.

Mimi si mutoto wa Waislamu. Nilizaliwa upande wa Djugu, kwa watu wa kulima, watu wa kanisa. Niliolewa na mwanaume wa Bunia mwenye alikuwa anapeleka nguo na sabuni Mongbwalu kwa wachimbaji wa dhahabu, na juu yake nikaingia mu dini. Masomo yangu iliishia ku primaire, shule ya musingi. Kile najua juu ya musikiti nilisikia kwa muzee imamu na kwa bwana yangu, na kingine niliona na macho.

Wenye waliijenga walikuwa Waungwana, watu wenye walikuja zamani na misafara ya pembe ya tembo, kutoka Maniema, na baba zao kutoka pwani kabisa. Walichoma matofali wenyewe. Ukuta ilikuwa nene. Mutu akikaa mu dirisha, mugongo inagusa upande moja na miguu inanyooka haifike upande ya pili. Udongo ya kushikanisha matofali haikuwa simenti, ilikuwa udongo ya kichuguu, ile ya muchwa, yenye ikikauka inakuwa sawa jiwe. Nguzo zilikuwa za muvule, na mulango pia, na juu ya mulango fundi alikuwa amechonga maua na kamba zinasukana, vitu yenye hapa kwetu hakuna mutu mwengine anachonga. Mwanzoni juu kulikuwa majani, kisha wakaweka manjanja, mabati ile, na mvua ikipiga ilikuwa lazima imamu akate hotuba angojee. Munara haikukuwa. Kulikuwa ngazi fupi ya matofali ku ukuta ya inje, muadhini anapanda, anasimama pa mwisho, anaita. Watoto wetu walikuwa wanaiita ngazi ya kwenda fasi hakuna, mahali hakuna.

Basi Waungwana wale walifanya kosa, na ni kosa yenye wao tu wangeweza kufanya. Kwa baba zao, kule pwani, mutu akitaka kuelekea Maka anatazama kaskazini. Wametembea pori yote ile, wamepita mito, wamefika Ituri, na bado wanatazama kaskazini sawa wako kwao. Wakajenga kibla kaskazini. Wakaswali hivyo mpaka wale wa kwanza wakafa. Kisha muzee mumoja akaenda hija, akarudi, akasema: ndugu zangu, huku kwetu lazima kugeuka kidogo kuume. Sasa wafanye nini? Kuvunja ukuta ya wazee? Walikataa. Walichukua kamba, wakaipima, wakachora mistari ya rangi chini, ya kwenda kombo. Tangu siku ile watu wakaswali kombo ndani ya nyumba yenye imenyooka.

Nilipoingia mara ya kwanza nilicheka. Nilimuambia bwana yangu: "Mbona muko sawa mihogo yenye imepangwa na mulevi?" Alinijibu: "Mungu iko naona mistari, haone ukuta." Alikuwa mutu wa kujibu haraka.

Mistari ikienda kombo, pembe zinabaki bure. Kwa mbele, kuume, pembe ya imamu. Kwa nyuma, kushoto, nyuma yetu wanawake, pembe ya pili yenye hakuna mutu alikuwa anasujudu. Pale waliweka jeneza ya kubebea maiti, na mikeka mizee. Hata simenti haikufika. Siku walipotia simenti, ilikuwa kidogo, wakasema itoshe mpaka ku mustari ya mwisho. Pembe ikabaki udongo.

Halafu vita ikafika mu Bunia. Sitasema ilianza na nani, kila mutu hapa anajua yake. Nasema tu watu wa mutaa yetu walikimbilia mu musikiti juu ya ukuta ile nene. Waislamu, Wakristu, hakuna mutu aliuliza. Risasi ilikuwa inaingia mu matofali na inabaki ndani. Tulikuwa tunaisikia: tup, tup, sawa mutu anagonga mulango lakini hana haraka. Na muzee imamu alikuwa anatembea kati yetu, anasema: "Mukae chini, wajukuu. Wenye walijenga nyumba hii walikuwa waoga. Ndiyo maana ukuta iko hivi. Mushukuru Mungu juu ya waoga."

Maji ikaisha. Pipa ya kutawazia ilikuwa inje, mu kiwanja, hapo tu. Watoto walikuwa wanalamba ukuta. Mama mumoja mwenye aliingia na kidonda ya tumbo, mutu wa upande ya kwetu Djugu mwenye hakuna mutu alimujua, alikuwa anasema neno moja tu: maji. Bwana yangu akachukua bido, jerikani ya plastiki. Nilimushika shati. Akaniambia: "Acha. Ni hapa tu."

Alijaza. Tulisikia maji ikiingia. Kisha tukasikia mulio ya risasi. Alirudi kwa miguu yake, bido mu mukono, na maji haikumwagika. Aliiweka chini vizuri, akaifunga na kifuniko. Kisha akakaa. Nilifikiri amechoka.

Sitaandika zaidi juu ya saa ile.

Mama yule wa Djugu alikunywa, na yeye akafa mbele ya asri. Kutoka inje haikuwezekana, makaburi iko mbali, na joto ilikuwa kali. Wanaume wakaanza kunongona. Muzee imamu akasimama pale nyuma, kushoto, akapiga chini na muguu. Akasema: "Hapa. Kwa shida, Mungu anaruhusu. Hapa hakuna mutu anasujudu juu yao, na hakuna mutu anakuwa nao mbele yake. Wazee walituachia fasi bila kujua." Mumoja akauliza: "Na huyu mama wa kanisa?" Imamu akamuambia: "Ni mugeni. Mugeni unamulaza inje?" Wakachimba. Sanda haikukuwa. Bwana yangu tulimufunga mu kitenge yangu, yule mama mu pazia ya wanawake.

Sasa musikilize vizuri. Mwenye alishika jembe, mwenye alichimba mpaka viganja zikatoka malengelenge, alikuwa kijana wa jirani yetu. Bwana yangu ndiye alimuvuta mukono ku mulango siku ile, akamuingiza. Kijana ile alikunywa maji ya bido ile. Aliponipita na jembe aliniambia: "Mama, nitakumbuka hapa mpaka nakufa."

Leo yeye ndiye prezida wa komite ya musikiti.

Vita ikapita. Watu wakarudi mu mistari ya kombo. Muzee imamu akasema tuweke matofali mbili juu ya kila kaburi, isikuwe kitu ya kuabudu, ikuwe alama tu. Mimi nilikuwa nafagia pale. Nikimaliza swala nilikuwa nageuka, nasalimia kidogo, narudi nyumbani kupika. Watu wengine wako na makaburi ku kilima, wanaenda mara moja mu mwaka. Mimi nilikuwa naye nyuma ya mugongo yangu kila swala. Kwetu Djugu walichoma nyumba, na ndugu wenye walibaki wako mu kambi, chini ya mashiti ya plastiki. Sina shamba, sina nyumba ya baba. Nilikuwa na pembe ile.

Muzee imamu akakufa. Wakaleta imamu kijana mwenye alisomea inchi ya mbali. Ijumaa yake ya kwanza alitoa telefone mbele ya watu wote, akafungua boussole, ile dira, akaiweka chini. Akasema: "Munaona? Kibla yenu inaelekea fasi ingine. Nyumba ya Mungu haiwezi kuwa na kombo." Muzee moja akamujibu: "Mwana, kombo ndiyo inaelekea Maka. Ni nyumba inaelekea fasi ingine." Watu wakacheka, lakini kijana hakucheka. Siku ingine akasema kaburi ndani ya musikiti ni haramu, tena kaburi ya mutu asiye Muislamu, na mutu mwenye anaswali hapo anajisumbua bure. Alisema hayo na mimi niko nyuma ya pazia. Alijua niko.

Kisha wafadhili wakapatikana, wa kujenga musikiti mupya, ya etaji, ghorofa ile, na munara mbili. Walikuja na plan kubwa, wakaitandika. Ilikuwa muzuri, sitasema uongo. Nilitafuta pembe yetu mu plan. Pale waliandika vyoo.

Nikasimama mu mukutano. Mwanamuke hasimamake mu mukutano ile, lakini nilisimama. Nikasema: "Muvunje, sikatae. Musikiti si yangu. Lakini munitolee watu wangu kwanza." Mutu wa komite akanongona, kwa sauti yenye alitaka nisikie: "Huyu ni wa kuingia tu, ndoa ilimuleta." Nikamujibu: "Na weye ni nini ilikuleta? Ulianguka na mvua, sawa fenesi?" Wakacheka kidogo. Lakini neno lilinichoma.

Prezida akainua mukono. Akaongea na sauti ya asali. "Mama, weye ni dada yetu. Tutawahamisha kwa heshima. Uite familia ya bwana, mulete sanda, Ijumaa baada ya swala tutawatoa na mikono, si na machine. Naahidi mbele ya wote." Chef wa kartie alikuwa pale, akaitika na kichwa. Imamu alikuwa pale. Mwenye machine, entreprenere wa kuvunja na kujenga, alikuwa pale anakunywa soda.

Nikaenda Nizi kutafuta wifi yangu. Mutu mwenye anajua ile barabara anajua maana ya kuipita siku hizi, na watu wa bunduki njiani. Wifi akalia, akafunga safari. Akasema: "Na yule mama, mutu wa kumushonea sanda ni nani?" Nikasema: hakuna. Ndiyo tukanunua mbili.

Tulirudi siku moja kabla ya Ijumaa. Yenye ilifuata mumeisha kuisoma pale mwanzo.

Kwa nini hawakungojea? Nimeuliza wote. Entreprenere anasema machine ilikuwa na kazi ingine, ilikuwa lazima imalize hapa haraka. Anasema: "Mama, udongo ni udongo, nitajuaje yako?" Imamu kijana anasema hakuambiwa siku, kazi yake ni kuswalisha, na tena maiti ya zamani inakuwa udongo, nisiisumbue roho. Chef wa kartie anasema alitia muhuri juu prezida alimuambia mambo ya makaburi imeisha. Muhuri ya chef haina macho, inagonga tu.

Nikaenda kwa prezida. Bibi yake akanipa kiti. Yeye akatoka na suruali ya kufuliwa vizuri, na saa mu mukono.

"Mama, pole sana. Kulikuwa kosa ya wafanyakazi."

"Weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale. Lakini sikukumbuka fasi sawasawa. Ni zamani."

"Hukukumbuka? Matofali ine zilikuwa pale, mbili mbili. Weye ulichimba!"

"Tulikuwa wengi. Mambo ya vita, mama, tusirudilie. Tujenge."

"Maji ulikunywa na nani? Na wengi pia?"

Akatazama mulango ya nyumba, kama bibi yake anasikia. Kisha akasema neno yenye sitasahau: "Bwana yako alitoka kwa mapenzi yake. Hakuna mutu alimutuma."

Nilisimama, nikatoka. Bibi yake alinifuata mpaka ku lupango, uzio yao, anashika mukono yangu, anasema: "Yaya, dada yangu, tusamehe." Yeye sina neno naye.

Tangu hapo natafuta. Wanasema udongo ile iliuzwa ya kufukia viwanja. Dereva nilimupata siku ingine pa kituo, aliniogopa, hakucheka tena. Akasema alimwaga fasi tatu na hakumbuki benne gani, muzigo gani ya lori, ilienda wapi, na boss amemukataza kuonyesha watu. Alinionyesha na kidevu tu, upande ile na upande ile. Nimeenda. Fasi moja ni bonde ya matope, wamepandisha nyumba ya mbao juu yake. Fasi ya pili wanajenga nganda, mahali ya pombe, na walishaweka meza. Niliinama pale inje, nikachimbua na mikono, nikapata kipande ya chokaa nyeupe ya ukuta yetu. Mwenye nganda akaniuliza: "Mama, umepoteza nini? Pete?" Nilimuambia ndiyo, pete. Akanisaidia kutafuta, masikini. Fasi ya tatu sijaipata.

Kipande ya chokaa haisemi kitu. Pengine ukuta ya mbele. Pengine bwana yangu iko chini ya meza ile, na watu wanamwaga bia. Pengine hayuko. Wifi yangu alirudi Nizi. Sanda mbili ziko kwangu. Nimezifungua mara nyingi kuzianika ku jua zisiliwe na mende.

Na musikiti mupya? Chuma za simenti zinasimama pale, zinapata kutu. Wafadhili na komite wanagombana. Watu wanaswali chini ya bashi, turubai ile, na imamu kijana amewapanga vizuri, boussole inakubali.

Mwenye alimupiga bwana yangu risasi sikuona uso yake, na niliisha kumuachia Mungu zamani. Hawa ni wengine. Hawa nawaona. Tunakutana ku soko, wananisalimia, "mama habari," na mimi najibu "muzuri," juu ndiyo adabu yetu. Majina yao sitie hapa. Kila mutu wa Bunia mwenye atasoma atawajua: prezida mwenye alichimba na akakana, imamu mwenye alisema haramu na hakuuliza maiti zinaenda wapi, chef mwenye aligonga muhuri, entreprenere mwenye aliuza udongo ya watu.

Siwaombe feza. Wameleta bahasha, nimeirudisha na mutu yule yule mwenye aliileta. Siwaombe pole pia.

Prezida, naongea na weye. Ijumaa, watu wakisha kuswali, kabla hawajavaa viatu, usimame mbele yao. Useme: nilichimba mimi, nilijua fasi, niliacha machine ipite. Kisha umuite entreprenere pale pale, na dereva wake, watuonyeshe fasi tatu, moja moja, na watu wakuje na majembe. Na yule mama wa Djugu mwenye hana mutu wa kumuulizia, mimi ndiye namuulizia. Wawili. Uliwaweka mu udongo na mikono yako. Uliwapeleka wapi?